Mshukiwa, mshtakiwa na mfungwa si mtu mmoja: Tafsiri zinazohukumu kabla ya mahakama

JUMAMOSI iliyopita nilikuwa kwa kinyozi mtaani, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, redio ikileta habari za saa saba mchana. Mtangazaji akasema kwamba “mshukiwa wa mauaji ameachiliwa huru”. Kinyozi akazima mashine. “Si mnaona? Hii nchi ukiwa na pesa unaua mtu na jioni unalala kwako.” Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakamuunga mkono. Mmoja akaapa kwamba lazima hakimu alikula kitu.

Jioni nilikutana na habari iyo hiyo kwenye runinga, mara hii kwa Kiingereza. Kumbe mtu huyo hakuwa ameachiliwa huru. Alikuwa amepewa dhamana na siku ya kurudi kortini. Tena hakuwa mshukiwa. Alikuwa amekwisha kusomewa mashtaka. Na shtaka lenyewe halikuwa la mauaji kwa maana inayokusudiwa na neno ‘murder’, bali la kuua bila kukusudia, ambalo Kiingereza hukiita ‘manslaughter’. Katika kauli ya maneno matano tu, mtangazaji alikuwa amekosea mara tatu. Na katika kibanda kile cha kinyozi, mtu mmoja alikuwa amehukumiwa kuwa muuaji na hakimu amehukumiwa kuwa mla rushwa, bila ushahidi wowote isipokuwa tafsiri.

Nimekuwa nikiandika kuhusu tafsiri katika vyombo vya habari, na mara nyingi makosa tunayoyajadili ni ya kuudhi tu: mtu anasema hivi badala ya vile, tunamcheka, maisha yanaendelea. Makosa ya lugha ya mahakama ni ya aina nyingine. Hapa neno moja likiwekwa mahali pa jingine, mtu anapoteza kazi, anahamishwa mtaa, au anarudi kutoka kortini na kukuta nyumba yake imeteketezwa. Ndiyo maana leo ninataka tuyapitie, mojawapo baada ya jingine, maneno ya Kiingereza ambayo wanahabari wetu huyachukulia kuwa mapacha, ilhali kila moja lina hatua yake katika safari ya kesi.

Tuanze na ‘suspect’, ‘accused’ na ‘convict’. Hatua ya kwanza ni shaka. Kosa limetendeka, polisi wanachunguza, na kuna mtu wanayemtilia shaka. Huyo kwa Kiingereza ni ‘suspect’, na kwa Kiswahili ni mshukiwa. Neno lenyewe linajieleza: limetokana na kitenzi ‘shuku’, ambacho ni ndugu wa ‘shaka’. Mshukiwa ni mtu anayeshukiwa, basi. Tanzania hupenda zaidi kumwita mtuhumiwa, kutokana na ‘tuhumu’, na sioni ubaya wa neno hilo, ingawa kwa sikio langu tuhuma ni nzito kuliko shaka. Ninaweza kukushuku moyoni nisiseme. Nikikutuhumu nimeshafungua kinywa.

Hatua ya pili ni mashtaka. Mtu akifikishwa mbele ya hakimu au jaji na kusomewa karatasi ya mashtaka, shaka ya polisi imegeuka kuwa jambo rasmi la Jamhuri dhidi yake. Huyo sasa ni ‘accused’, yaani mshtakiwa. Kumwita mshukiwa baada ya hapo si kumtusi, lakini ni kumrudisha nyuma hatua moja na kumchanganya msomaji. Msomaji anayesoma kwamba “mshukiwa alijitetea kortini” ana haki ya kuuliza: ameshtakiwa au hajashtakiwa? Kama hajashtakiwa, anajitetea kwa lipi?

Hatua ya tatu ni hukumu. Mahakama ikisikiliza pande zote na kuamua kwamba kosa limethibitishwa, mshtakiwa huwa ‘convict’. Hapa vyombo vyetu hufanya kichekesho kinyume na kile cha kwanza. Utasoma: “Mshukiwa wa ubakaji afungwa miaka 20.” Jamani, mshukiwa hafungwi miaka 20! Aliyefungwa miaka 20 ni mtu ambaye mahakama imekwisha kumtia hatiani. Kuendelea kumwita mshukiwa ni kumnyima mlalamishi ushindi wake. Mama aliyesimama kizimbani akaeleza mambo ambayo hakuna anayependa kuyaeleza mbele ya watu, akahojiwa na wakili, akaaminiwa na mahakama, anafungua gazeti na kukuta kwamba kwa mwandishi habari yake bado ni ya kushukiwa tu.

Kwa hivyo uangalifu si kumwita kila mtu mshukiwa. Naona baadhi ya waandishi wamelifanya neno hili kama hirizi: ukilivaa hushtakiwi kwa kuchafua jina la mtu. Matokeo yake ni sentensi kama hii: “Washukiwa wanne walivunja duka usiku wa manane wakatoroka na mali.” Mwandishi anadhani amekuwa mwangalifu kweli kweli. Lakini hebu tuitazame. Duka lilivunjwa, hilo halina shaka, kufuli imekatwa na rafu ni tupu. Waliolivunja ni wezi. Hilo nalo halina shaka. Kilicho na shaka ni kama Fulani na Fulani, waliokamatwa asubuhi kwenye stendi ya matatu, ndio hao wezi. Sasa mwandishi akisema “washukiwa walivunja duka”, halafu katika aya inayofuata akasema “washukiwa wawili wamekamatwa”, amefanya nini? Ameunganisha nukta ambazo ni mahakama pekee inayoruhusiwa kuziunganisha. Amesema kwamba waliovunja ndio waliokamatwa. Hirizi imemgeuka.

Sahihi ni hivi: wezi walivunja duka, polisi wamewakamata washukiwa wawili. Mtendaji wa kosa asiyejulikana ni mwizi, muuaji au mhalifu. Mtu anayejulikana ambaye kosa halijathibitishwa dhidi yake ni mshukiwa. Ndiyo sababu pia “washukiwa wasiojulikana” ni kauli isiyo na maana. Kama hawajulikani, anashukiwa nani?

Jirani wa kosa hilo ni matumizi ya kitenzi ‘dai’. Kiingereza kina ‘say’, ‘claim’, ‘allege’ na ‘reveal’, na kila kimoja kinamweka msemaji mahali tofauti na ukweli. ‘Say’ haiegemei upande wowote. ‘Claim’ inanong’ona kwamba mwandishi hana uhakika. ‘Allege’ ni kumtupia mtu kosa ambalo bado halijathibitishwa. ‘Reveal’ inakubali moja kwa moja kwamba jambo hilo ni kweli na lilikuwa limefichwa. Kiswahili kina maneno yake kwa haya yote: kusema, kudai, kutuhumu, kufichua. Tatizo si uhaba. Tatizo ni kwamba tunayapanga ovyo.

Angalia vichwa hivi viwili vya kubuni, lakini ambavyo msomaji atakiri kwamba ameviona mara nyingi: “Polisi wafichua jinsi mwalimu alivyopanga wizi”, halafu ndani ya habari, “Mwalimu huyo anadai kwamba siku hiyo alikuwa hospitalini.” Polisi wamefichua, mwalimu anadai. Kabla hakimu hajafungua faili, vitenzi viwili vimekwisha kutoa uamuzi. Kama polisi wana haki ya kupewa ‘kufichua’, basi mwalimu apewe ‘kueleza’. Na kama mwalimu anadai, polisi nao wanadai. Mizani iwe moja.

Kuna pia “inasemekana”. Neno hili ni la uvumi. Ni la maneno yanayopita sokoni bila mwenyewe. Si tafsiri ya ‘allegedly’. Jambo lililoandikwa kwenye karatasi ya mashtaka halisemekani tu: lina mwenyewe, na mwenyewe ni upande wa mashtaka. Shahidi aliyekula kiapo naye hasemekani, alisema. Na “anadaiwa” nayo itumiwe kwa tahadhari, kwa sababu katika Kiswahili cha kila siku mtu anayedaiwa ni mwenye deni. “Fulani anadaiwa” ukikatia hapo, msomaji atafikiri ni kodi ya nyumba. Njia ya kujiokoa ni rahisi: mtaje anayedai. “Upande wa mashtaka unadai kwamba Fulani aliiba” ni sentensi ndefu kidogo kuliko “Fulani anadaiwa kuiba”, lakini msomaji anajua nani anasimama nyuma ya dai hilo.

Sasa tuje kwenye lile lililomkasirisha kinyozi wangu, yaani kuachiliwa. Kiingereza cha mahakama kina angalau maneno manne hapa ambayo Kiswahili cha habari huyatia kapuni pamoja: ‘released on bail’, ‘discharged’, ‘acquitted’ na ‘pardoned’. Yote utayasikia yakiwa “ameachiliwa huru”.

Anayepewa dhamana hayuko huru. Kifungu cha 49(1)(h) cha Katiba ya Kenya kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayofaa akisubiri kushtakiwa au kesi yake kusikilizwa, ila kama kuna sababu nzito za kumzuia. Kwa hivyo dhamana si zawadi ya hakimu, wala si dalili kwamba kesi imekwisha. Ni haki ya mtu ambaye sheria bado inamchukulia kuwa hana hatia. Laiti kinyozi angeisikia habari hivyo, pengine hasira yake ingetulia: mtu huyo hakununua uhuru, alitumia haki ambayo hata kinyozi mwenyewe angeidai akikamatwa kesho.

Hata ndani ya dhamana kwenyewe kuna maneno mawili ya Kiingereza yanayotatiza: ‘bail’ na ‘bond’. Kwa matumizi ya mahakama zetu, ‘bail’ kwa kawaida ni pesa taslimu ambazo mshtakiwa huweka kortini, na hurudishiwa kesi ikiisha ikiwa alifuata masharti. ‘Bond’ ni ahadi ya maandishi, mara nyingi ikiwa na mdhamini anayeweka rehani hati ya shamba, logbuku ya gari au mali nyingine. Tofauti hii si ya wasomi. Mtu akiambiwa kwamba ndugu yake amepewa dhamana ya shilingi laki tatu, anahitaji kujua kama atafute laki tatu mkononi au hati ya ardhi ya thamani hiyo. Nimeona familia ikichangisha pesa usiku kucha, kumbe kilichohitajika ni babu na hati yake ya shamba. Tunaweza kusema dhamana ya pesa taslimu na dhamana ya mdhamini. Hakuna neno jipya la kubuni hapa. Ni kuongeza kielezi tu.

‘Discharge’ na ‘acquit’ ndizo zinazochanganywa zaidi. Chini ya Sehemu ya 87(a) ya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kiongozi wa mashtaka anaweza, mahakama ikikubali, kuiondoa kesi. Akiiondoa kabla ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, mshtakiwa huachiliwa, lakini anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa kwa mambo yale yale. Hiyo ni ‘discharge’. Mtu wa namna hii hajaachiliwa huru. Ameondolewa mashtaka kwa sasa. Lakini mahakama ikisikiliza kesi na kuona kwamba haikuthibitishwa, huyo ameachiliwa huru kwa maana kamili ya maneno hayo. Hiyo ni ‘acquittal’, na Kifungu cha 50(2)(o) cha Katiba kinamkinga asishtakiwe tena kwa kosa hilo hilo.

Kwa hivyo ninapendekeza tuyagawe hivi: aliyepewa dhamana ameachiliwa kwa dhamana, ambaye kesi yake imeondolewa ameondolewa mashtaka, ambaye kesi yake imeamuliwa kwa upande wake ndiye pekee aliyeachiliwa huru. Neno ‘huru’ tulitunze kama chumvi. Tukilimwaga kila mahali, siku mtu anapopata uhuru wa kweli baada ya miaka mitano ya kwenda na kurudi kortini hatutakuwa na neno la kumpa.

Na anayesamehewa? ‘Pardon’ ni jambo jingine kabisa. Rais, kwa kufuata ushauri wa kamati iliyotajwa katika Kifungu cha 133 cha Katiba, anaweza kumsamehe mfungwa. Husamehewi ambalo hukulifanya. Kumwita aliyesamehewa mtu “aliyeondolewa hatia na Rais” ni kumpa Rais kazi ya jaji. Kadhalika, kumwita aliyeachiliwa huru na mahakama mtu “aliyesamehewa na korti” ni kumwachia doa la kosa ambalo korti imekataa kumpaka. Kauli hiyo ya pili niliisikia mazishini, mzee wa heshima akimsifu marehemu, akisema kwamba “hata korti ilimsamehe”. Alikusudia mema. Lakini marehemu alikuwa ameshinda kesi. Hakuwa na la kusamehewa.

Tukitoka kwenye kuachiliwa, kuna maneno ya makosa yenyewe. ‘Kill’ ni kuua, basi. Hata gari huua, hata malaria huua. ‘Murder’ ni kuua kwa nia mbaya iliyotangulia tendo, nia ambayo Sehemu ya 206 ya Kanuni ya Adhabu inaifafanua. ‘Manslaughter’ ni kuua kinyume cha sheria bila nia hiyo. Adhabu ya juu kabisa ya la kwanza ni kifo na ya la pili ni kifungo cha maisha. Adhabu ya kifo kwa mauaji ilikuwa ya lazima hadi Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kwamba ulazima huo unakiuka Katiba. Kiswahili kinaweza kuonyesha tofauti hii bila jasho: mauaji, au kuua kwa kukusudia, upande mmoja, kuua bila kukusudia upande wa pili. Lakini kichwa cha habari kikisema “Ashtakiwa kwa mauaji” katika hali zote mbili, vijana wawili waliopigana kwenye kilabu mmoja akaanguka vibaya wanawekwa kwenye kapu moja na mtu aliyenunua panga na kungoja njiani.

Vivyo hivyo ‘steal’ na ‘rob’. Mwizi huchukua kisicho chake. Mnyang’anyi huchukua kwa nguvu au kwa kutisha. Kwa wizi wa kawaida Kanuni ya Adhabu inataja kifungo cha miaka 3. Kwa unyang’anyi ni miaka 14. Kwa unyang’anyi wa kutumia silaha au wa kuwa na wenzako, Sehemu ya 296(2) inataja kifo. Mtu akikosea kati ya maneno haya, hajakosea msamiati tu. Amekosea umbali kati ya miaka mitatu na kitanzi. Na hapo ndipo ninapolitazama neno ‘jambazi’ kwa wasiwasi. Limekuwa rahisi mno. Kijana aliyeuawa na polisi kwa risasi alfajiri, ambaye hakuna mahakama iliyowahi kumwona, anaamka kwenye magazeti akiwa “jambazi sugu”. Huenda alikuwa jambazi. Huenda hakuwa. Tunachojua ni kwamba hatajitetea tena.

Baadhi ya wahariri hunijibu kwamba kichwa cha habari hakina nafasi. Nilihesabu. ‘Jambazi’ ina herufi saba. ‘Mshukiwa’ ina nane. Kama utu wa mtu hauwezi kupata nafasi ya herufi moja zaidi, tatizo letu si nafasi.

Jibu jingine ambalo hutolewa ni kwamba msomaji wa kawaida hajali tofauti hizi; yeye anataka habari. Hili nalo silikubali, na sababu yangu iko kortini kwenyewe. Sheria inaruhusu mahakama za mahakimu kutumia Kiingereza au Kiswahili, ilhali lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumiwa ana haki ya kupata mkalimani bila malipo. Hatua ya kwanza ya kesi ni mshtakiwa kujibu shtaka, na hapo wengi hujibu kwa Kiswahili: “Ni kweli” au “Si kweli.” Sasa Kiingereza kinatofautisha ‘admit’ na ‘plead guilty’. Mtu anaweza kukiri jambo bila kukiri kosa. Aliyesema “Ni kweli nilimpiga” huenda alikuwa na sentensi ya pili kinywani: “lakini yeye ndiye aliyenijia na rungu.” Akikatizwa kwenye “ni kweli”, amejifunga.

Mahakama zenyewe zililiona tatizo hili zamani. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao hadi leo unafuatwa: mshtakiwa aelezwe shtaka pamoja na kila kiungo chake katika lugha anayoielewa, maneno ya jibu lake yaandikwe kwa kadiri inavyowezekana kama alivyoyatamka, kisha asomewe maelezo ya kesi na apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza neno. Maana yake ni kwamba majaji walikubali kwamba tafsiri inaweza kumfunga mtu asiye na kosa, wakajenga ukuta. Kama majaji wanajali, kwa nini sisi tunaoishi kwa kuuza maneno tusijali?

Nimebakisha jozi moja, nayo ndiyo kiini cha yote: ‘not guilty’ na ‘innocent’. Mwingereza hutofautisha. Mahakama haitangazi kwamba mtu ni ‘innocent’, yaani msafi kabisa mbele ya Mungu na watu. Husema ‘not guilty’, yaani kosa halikuthibitishwa kwa kiwango kinachoondoa shaka yote ya maana. Kiswahili hutumia “hana hatia” kwa yote mawili. Wapo wanaolitaja hili kama upungufu wa lugha yetu. Mimi nimelifikiria na ninaona vinginevyo. Katiba, Kifungu cha 50(2)(a), inasema mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Kama ndivyo, basi aliyeshindwa kuthibitishiwa kosa hajahamia popote. Amebaki pale pale alipokuwa, hana hatia. Kiswahili hakimpi daraja la kati la kumning’iniza, na sidhani tunalihitaji.

Tena tazama jinsi majirani zetu wa Tanzania wanavyosema mahakama inapotoa uamuzi dhidi ya mtu: “ametiwa hatiani”. Sisi Wakenya tumezoea “amepatikana na hatia”, kauli inayonuka tafsiri ya Kiingereza, kana kwamba askari alimpekua mfukoni akaikuta hatia humo, imekuwemo muda wote. Silipigi marufuku; limezoeleka na linaeleweka. Lakini “kutiwa hatiani” lina fikra bora. Hatia hapo ni mahali, na kiambishi kile ‘-ni’ kinasema hivyo. Kuna nje na kuna ndani. Kila mtu anaanza akiwa nje. Hawezi kuingia mwenyewe, wala polisi, gazeti, mtangazaji au kinyozi hawezi kumsukuma. Lazima atiwe, na mwenye mamlaka ya kumtia ni mahakama peke yake. Kanuni ambayo wanasheria huieleza kwa aya nzima, sarufi ya Kiswahili imeibeba kwa kitenzi kimoja na kiambishi kimoja.

Basi kwa mwanahabari anayengojwa na mhariri, naomba achukue haya machache. Kabla ya karatasi ya mashtaka, mshukiwa. Baada ya kusomewa mashtaka, mshtakiwa. Baada ya hukumu, aliyetiwa hatiani. Na akipelekwa gerezani kutumikia kifungo, mfungwa. Aliye rumande akingoja kesi ni mahabusu, si mfungwa, hata kama wanalala chini ya paa moja. Polisi wakidai, na mshtakiwa adai. ‘Huru’ iwe ya aliye huru.

Na kwa msomaji, nina ombi dogo zaidi. Katika miji yetu kuna neno moja ambalo likipigwa kelele mchana barabarani halingoji karatasi ya mashtaka, mkalimani wala hakimu. Neno hilo ni “Mwizi!” Sekunde chache baadaye mawe yako hewani, na mara nyingine tairi. Wanaokimbilia pale hawamjui anayekimbia wala aliyepiga kelele. Wana neno tu. Sidhani watu hao huzaliwa barabarani pale. Wamezoezwa, kidogo kidogo, na kila habari iliyomwita mshukiwa mwizi na kila benchi la kinyozi lililoitikia.

Nilirudi kwa kinyozi Jumatano kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. “Mwalimu, sasa wewe unataka tuseme nini?” Nikamwambia aseme kwamba ameshtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na ameachiliwa kwa dhamana. Akalirudia polepole, akipima kila neno. Halafu akasema, “Lakini hivyo hata hakuna cha kukasirikia.”

Nikamwambia ndiyo hivyo. Bado hakuna.